Uvungu wa kitanda unaofikika: mwongozo kamili kwa mwenye chumba kimoja Dodoma

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sawa, lakini hakuna mhenga aliyesema lazima pia anyanyue godoro, atoe chaga, ahamishe mabegi na kumwamsha mtoto, yote hayo kwa ajili ya shati moja.

Uvungu wa kitanda cha tano kwa sita ni futi za mraba 30. Kwenye chumba cha kumi kwa kumi, vile vya kupanga vilivyojaa Chang'ombe, Nkuhungu na kule Ng'ong'ona kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hiyo ni karibu theluthi moja ya sakafu. Unailipia kodi kila mwezi. Ila kwa watu wengi theluthi hiyo ni kaburi la vitu: kinachoingia kinaonekana tena siku ya kuhama.

Tatizo si nafasi, ni njia ya kuifikia. Wajenzi wa boti ndogo za tanga walishalihangaikia jambo hili, kwa sababu kwenye boti ya futi 25 karibu kila kitu kinakaa chini ya vitanda, na mara nyingi juu ya kitanda kuna mtu amelala baada ya zamu ya usiku. Dawa yao ni nyepesi: hawaweki mfuniko mmoja mkubwa, wanaweka vifuniko vidogo vingi vyenye matundu ya vidole, wanatoboa mlango ubavuni ili aliyelala asiamshwe, na kinachohitajika usiku hakikai chini ya godoro. Hayo matatu ndiyo nitakayoyatumia hapa kujenga kitanda cha sanduku, yaani sanduku la mbao lenye vifuniko ambalo godoro linalala juu yake, kwa mbao na mazingira ya Dodoma, ambako adui si maji ya chumvi bali vumbi na mchwa.

Kwanza toa kila kitu

Usinunue ubao hata mmoja kabla ya hatua hii. Vuta vyote vilivyo uvunguni, fagia, kisha chora kwa chaki mafungu matatu sakafuni. La kwanza ni vitu vya kila siku au kila wiki: viatu, nguo za kazini, pasi, taulo, vitabu vya mtoto. La pili ni vya mara moja kwa mwezi au kwa msimu: blanketi nzito za Juni na Julai (usiku wa Dodoma miezi hiyo si wa mchezo), begi la safari, vyombo vya wageni. La tatu ni vya mara moja kwa mwaka au visivyotakiwa kuguswa kabisa: vyeti kwenye bahasha ya plastiki, mahindi ya akiba, vyombo vya harusi ambavyo havijafunguliwa.

Panga kwa mara ngapi unakihitaji kitu, si kwa ukubwa wake. Watu hukosea hapa: wanasukuma begi kubwa nyuma kwa sababu ni kubwa, kumbe ndilo wanalolivuta kila Ijumaa.

Kuna vitu havirudi uvunguni hata kama nafasi ipo. Mtungi wa gesi, petroli, jiko la mkaa lililotumika leo. Na vile vidonge vya kufukiza nafaka vinavyotoa gesi ya fosfini: hivyo haviwekwi kwenye chumba cha kulala kwa namna yoyote, wala gunia lililowekewa vidonge hivyo halilazwi chini ya kitanda. Gesi yake inaua watu usingizini. Hapa hakuna cha kupunguza makali.

Vipimo vitatu vinavyoamua kila kitu

Cha kwanza ni nafasi ya mbele ya kitanda. Pima kutoka ubavu ulio wazi hadi ukutani au hadi kabati. Droo ya inchi 20 inahitaji inchi 20 za kutokea, na wewe unahitaji kusimama au kuchuchumaa nyuma yake. Kama ujia wako hauzidi futi mbili na nusu, sahau droo ndefu, tumia milango. Fungua na mlango wa chumba pia uone unaishia wapi.

Cha pili ni urefu wa kwenda juu. Kaa kitini, angalia magoti. Sehemu ya juu ya godoro ikiwa sentimita 55 hadi 60 kutoka chini, mtu mzima anakaa na kuinuka vizuri. Sasa toa hesabu: kwenye 60, godoro la inchi 8 linakula 20, kifuniko na sakafu ya sanduku vinakula kama 2, miguu ya kuinua sanduku inakula 10. Umebaki na 28. Ndoo ya lita 20 haisimami humo. Unaweza kupunguza miguu hadi sentimita 5, lakini ufagio hautapita na mchwa utapata mahali pa kujificha. Unaweza kupandisha kitanda hadi 70, ila bibi akija kutoka Kondoa atapanda kwa shida. Ushauri wangu: baki kwenye 60, kubali 28, na vitu virefu vitafutiwe kona nyingine.

Cha tatu ni mlango wa chumba, upana wake. Utahama siku moja, na sanduku lisilopita mlangoni litabaki kuwa zawadi ya mwenye nyumba.

Kama huna hela ya mbao kwa sasa

Kitanda cha chaga ulichonacho kinaweza kuboreshwa kwa gharama ya jioni moja. Chukua turubai, kata vipande virefu vyenye upana wa kama futi moja na nusu, vitandike uvunguni kutoka ukutani hadi ukingo wa nje. Panga vitu juu yake. Shona au funga kitanzi cha kamba ya katani kwenye ncha ya nje. Ukitaka kitu cha nyuma unavuta turubai, msururu wote unatoka. Kwenye sakafu ya simenti iliyolainishwa, begi lenye nguo za kilo 15 linateleza bila shida. Unapolirudisha lisukume kwa mguu.

Hata ukijenga sanduku baadaye, ujanja huu wa turubai utaendelea kuutumia ndani yake.

Mbao na bodi

Kwa fremu, mbao za paini zinatosha. Nyingi zinazouzwa hapa zinatoka Sao Hill na Mafinga, zinapanda kwa barabara ya Iringa kupitia Mtera. Mninga ni mzuri zaidi na mchwa hauupendi, lakini kuuficha mninga chini ya godoro ni kutapanya pesa. Uweke kwenye ubao wa kichwani ambako wageni wataona.

Mbao ziangalie unyevu. Kipindi cha Mei hadi Novemba hewa ya Dodoma ni kavu sana, na ubao ulionunuliwa mbichi utajikunja na kufungua viungo kabla hata hujalipa kodi inayofuata. Nunua mapema, zilaze chumbani kwa wiki mbili au zaidi zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite, ndipo upime na kukata.

Zile zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, zinafaa kwa miguu na vipande vinavyokaribia sakafu tu. Usiziache ziguse nafaka, na mabaki yake usipikie. Fundi akizikata ndani, toka nje au funika pua.

Kwa vifuniko nunua plaiwudi, siyo chipbodi (bodi ya vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa). Chipbodi inashuka katikati kama ngozi ya ngoma iliyolowa, na skrubu zake zinalegea. MDF, bodi ya nyuzi laini za mbao zilizogandishwa, ni nzito na inavimba ikimwagikiwa. Ile marini bodi nyeusi ya kumwagia zege, iliyotumika, hupatikana kwa bei nzuri kwenye maeneo ya ujenzi. Ni imara kweli, ila ni nzito na godoro linateleza juu yake. Ukiipata bure, ichukue. Kama ni kununua, nunua plaiwudi ya kawaida ya milimita 12.

Bodi moja, vifuniko sita

Bodi nzima ni futi nne kwa nane. Kitanda cha tano kwa sita kikifunikwa kwa kipande kimoja kinahitaji bodi mbili na kiungo katikati, na kipande hicho, kikiwa cha milimita 18, kina uzito wa kama kilo 30. Weka juu yake godoro la sponji la kilo 15 uone kama kuna mtu atakifungua zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Ndiyo maana vitanda vingi vya sanduku, hata vya bei kubwa dukani, vinaishia kuwa makaburi.

Badala yake gawanya kitanda kwa urefu mara mbili, kisha kila nusu kwa upana mara tatu. Unapata vifuniko sita vya futi mbili na nusu kwa futi mbili. Sasa tazama bodi yako: upana wa futi nne unatoa safu mbili za futi mbili, urefu wa futi nane unatoa vipande vitatu vya futi mbili na nusu, inabaki inchi sita. Vifuniko sita vyote vinatoka kwenye bodi moja, na ule mkanda wa inchi sita utatumika baadaye. Msumeno utakula kama milimita 3 kila mkato, kwa hiyo kila kifuniko kitakuwa kidogo kwa nukta kuliko nafasi yake. Usilalamike kwa fundi, ndivyo inavyotakiwa, maana mvua za Desemba hadi Aprili zikianza mbao zitavimba kidogo na vifuniko vilivyobana havitatoka.

Kila kifuniko kitakuwa na uzito wa kilo tatu na kitu. Mtoto wa darasa la tano anakitoa.

Kujenga sanduku

Jenga masanduku mawili, siyo moja. Kila moja liwe na nafasi ya futi mbili na nusu kwa sita, yanakaa ubavu kwa ubavu na kufungwa kwa bolti na nati nne. Siku ya kuhama unafungua bolti, kila nusu inapita mlangoni na kulala kwenye bajaji ya mizigo.

Mbao za nje, yaani za ubavuni, kichwani na miguuni, zipande sentimita 5 juu ya usawa wa vifuniko ili godoro lizame kidogo na lisitembee. Ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya kuchomekea shuka. Mbao mbili za katikati, pale masanduku yanapokutana, ziishie usawa wa chini ya vifuniko, kwa sababu vifuniko vya pande zote mbili vitaegemea juu yake.

Kwenye mbao za nje piga kibao cha inchi mbili kwa mbili ndani, kwa gundi ya mbao na skrubu kila baada ya inchi nane. Hicho ndicho kinachobeba. Misumari peke yake italia usiku, na majirani wa nyumba za kupanga wana masikio. Kisha weka mbao za kukatiza za inchi mbili kwa tatu chini ya kila mahali vifuniko viwili vinapokutana, mbili kwa kila sanduku. Kifuniko cha milimita 12 kikishikwa pande zote nne kinabeba watu wawili bila wasiwasi. Kikishikwa pande mbili tu kitanesa.

Miguu: sita kwa kila sanduku, tatu kila upande, na ile ya upande wa kati usiiruke. Uzito wa godoro, watu na mahindi unaishia pale. Acha inchi mbili kati ya sanduku na ukuta. Mchwa hujenga njia ya udongo, na ukiacha nafasi utaiona kabla haijafika kwenye mbao. Kupaka oili chafu kama wengi wafanyavyo kwenye nguzo za uzio, hapana, utalala na harufu hiyo mwaka mzima.

Kwa sakafu ya sanduku tumia mbao nyembamba zenye nafasi ya sentimita moja, au plaiwudi ya milimita 6 iliyopigwa kwa chini ikiwa vitu ni vyepesi.

Tundu la kidole

Hapa tulia, maana ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika. Watu huweka vishikio vya chuma, kisha wanalala juu yake wiki nzima wakitafuta kinachowachoma mgongoni. Tundu halichomi.

Kwenye kila kifuniko, pima sentimita 6 kutoka ukingoni, katikati ya upande mfupi. Toboa matundu mawili ya milimita 30, sentimita 8 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine, kisha unganisha kwa jigso (msumeno mwembamba wa umeme) upate mpenyo mmoja mrefu wenye ncha za duara. Vidole vitatu vinaingia. Fanya hivyo pande zote mbili fupi. Ukitoboa kwa drili, weka kipande cha mbao chakavu chini, la sivyo plaiwudi itapasuka ukingoni inapotokezea upande wa pili.

Sasa msasa. Kila mtu anakumbuka kulainisha upande wa juu. Vidole vyako lakini vinashika upande wa chini, na kibanzi cha plaiwudi kikiingia chini ya ukucha utakijua. Lainisha chini zaidi kuliko juu, zungusha ukingo mpaka kidole kikipita kisihisi kona.

Ongeza matundu ya hewa ya milimita 25, kila baada ya sentimita 20 hivi. Sponji juu ya bodi isiyo na matundu inatunza jasho, na harufu yake haitoki kwa kuanika.

Chini ya kila kifuniko gundisha vipande viwili vya ule mkanda wa inchi sita uliobaki, vikae ndani kidogo ya mbao zinazokishika, ili kifuniko kisitembee ukigeuka usiku. Kisha andika namba na mshale wa kuelekea kichwani kwa kalamu ya wino mzito. Kitanda hakijawahi kuwa mraba kamili, na kifuniko namba 2 hakitakaa kwenye nafasi ya namba 5 hata ukipigie magoti.

Milango ya ubavuni

Upande unaoelekea kwenye ujia ndio wa vitu vya kila siku. Usiukate wote. Acha angalau inchi tatu za ubao juu ya tundu na inchi mbili chini, na kati ya tundu na tundu simamisha nguzo ya mbili kwa mbili. Tundu mbili za futi mbili kila moja zinatosha. Kona za tundu zikate kwa mviringo. Fuata mdomo wa glasi kwa penseli. Kona kali ndipo ubao unapoanza kupasuka.

Bawaba unaweza kuziacha. Mlango wenye bawaba unahitaji nafasi ya kufungukia, na kwenye ujia mwembamba utaugonga kwa muundi kila asubuhi. Kata kibao cha mlango kikubwa kuliko tundu kwa inchi moja kila upande, vijiti viwili vya mbao vitokeze chini viingie kwenye matundu ya fremu, na juu weka kipande cha mbao kinachozunguka kwenye skrubu moja. Ukikizungusha, mlango unainuka na kutoka mzima mkononi. Unaufunga hata gizani, umeme ukikatika.

Ukitaka droo kwa lazima, kwa Dodoma usitumie reli za chuma zenye gololi. Vumbi la Agosti likiingia kwenye grisi zake zinakwaruza kisha zinagoma. Tumia njia za mbao ngumu na uzisugue kwa mshumaa.

Vumbi lenyewe lizuie kwa tyubu kuukuu ya baiskeli: kata mikanda ya upana wa sentimita mbili, igundishe kuzunguka tundu kwa ndani ya mlango. Mlango ukikazwa, mpira unabana.

Nyumba ikiwa na watoto wadogo, usiweke kufuli linalojifunga lenyewe popote kwenye sanduku. Mtoto akiingia kucheza aweze kusukuma mlango na kutoka.

Nini kikae wapi

Nyuma ya milango ya ubavuni weka fungu la kwanza, juu ya turubai za kuvuta. Chini ya vifuniko viwili vya miguuni weka fungu la pili: unainua kona moja ya godoro upande wa miguu, unaliegemeza kwa fimbo yenye mpira chini, unatoa kifuniko. Aliyelala upande wa pili anaweza kuendelea kulala, akitaka.

Vifuniko vya kati na vya kichwani upande wa ukutani ni vya fungu la tatu, na hapo ndipo pa mahindi. Gunia la kilo 100 halipitishwi juu ya kitanda na mtu mwenye akili timamu. Nafaka iliyokauka vizuri iweke kwenye mifuko ya PICS, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya mmoja wa nje, ya ujazo wa kilo 50, ukiilaza na kufunga kila tabaka peke yake. Inaua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa, kwa sharti kwamba usiifungue ovyo. Kwa hiyo sehemu ngumu kufikika ndiyo inayoifaa. Kagua panya tu, maana tundu moja la jino linaharibu mfuko mzima.

Bandika orodha ndani ya mlango wa ubavuni: namba ya kifuniko, kilichomo. Iandike kwa penseli.

Mara mbili kwa mwaka, mvua zikiisha na kabla hazijaanza, toa vifuniko vyote, anika godoro, kaza skrubu, sugua njia za droo kwa mshumaa upya, na pitisha tochi kwenye ile nafasi ya inchi mbili ukutani. Ukiona mstari wa udongo mbichi, ukwangue na mpigie mtu wa dawa za wadudu siku hiyohiyo.